Upasuaji wa pili wa kupunguza uzito: ya kupanga kabla ya kutoka Lubumbashi na ya kulinda ukirudi

"Safari hii nifanyiwe upasuaji gani?" Wengi huanza na swali hilo, na linaanzia katikati. La kwanza ni kwa nini ule wa awali haukutosha, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama utapasuliwa tena, na kama ndiyo, nini kitaunganishwa na nini. Watu watatu waliofanyiwa slivu, yaani tumbo lililokatwa likabaki bomba jembamba, wanaweza kukaa benchi moja kwa daktari hapa Lubumbashi na wakahitaji vitu vitatu tofauti. Wa kwanza bomba lake limepanuka. Wa pili bomba liko sawa, ila sukre (soda) haitoki mezani na karanga zinatafunwa tangu asubuhi hadi usiku. Huyo kisu hakimfai, kwa kuwa kinywaji kitamu hupita tumbo dogo bila kizuizi, nalo la pili kitalipita vilevile. Wa tatu kilo zake hazina shida sana, lakini kila usiku anaamka asidi imefika kooni. Kwake yeye kugeuza slivu kuwa baipasi, yaani kifuko kidogo cha tumbo kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ni tiba ya kiungulia kwanza. Uzito unafuata nyuma.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia tiketi. Andika kila unachokula na kunywa kwa siku 14, pamoja na vile vya kuonja jikoni na vya njiani. Hilo daftari ni kipimo, na mpasuaji makini atalidai.

Karatasi inayotafutwa kuliko zote ni ripoti ya upasuaji wa kwanza, ile mpasuaji aliyoiandika mwenyewe siku hiyo, protokoli. Cheti cha kutoka hospitali, chenye mistari mitatu na muhuri, hakitoshi. Protokoli inasema bomba la kupimia tumbo wakati wa kukata lilikuwa na unene gani, utumbo ulihesabiwa sentimita ngapi kabla ya kukatwa, ngiri ya kiwambo (tumbo kupanda kifuani) ilishonwa au iliachwa, mkanda (pete ya kubana sehemu ya juu ya tumbo), kama uliwekwa, ulikuwa wa aina gani, na kama kuna mahali palipovuja. Aliyepasuliwa ng'ambo miaka minane iliyopita aiandikie hospitali leo, asingoje wiki ya safari. Bila karatasi hiyo mpasuaji wa pili anaingia kwenye nyumba ambayo kuta zilihamishwa na hana ramani.

Kisha picha. Eksirei ya kunywa bariamu inaonyesha umbo la tumbo, ngiri, na jinsi chakula kinavyoshuka. Fibroskopi, kamera ndogo inayopitishwa mdomoni, inaingia ndani na kuona vidonda, mkanda uliotoboa ukuta wa tumbo, koo lililoungua, tena inachukua kinyama kidogo cha kupima bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, ambaye hutibiwa kabla ya kupasua. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Unapoenda kufanya fibroskopi, mwambie daktari kabla ya kulala kitandani ni upasuaji gani ulifanyiwa, umwombe aandike urefu wa kifuko kwa sentimita na upana wa maungio, yaani mahali tumbo lilipounganishwa na utumbo, kwa milimita. Asipoambiwa ataandika "tumbo limepasuliwa, halina tatizo", na sentensi hiyo haimsaidii mtu.

Labo: hemoglobini, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, albumini, kreatinini, tezi ya shingo, HbA1c, na kundi la damu. Tahadhari moja kuhusu feritini: hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, malaria ikiwemo. Ukipima ukiwa na homa, akiba ya chuma itaonekana nzuri kumbe imekwisha. Subiri upone ndipo upime. Mtu wa baipasi ya zamani mara nyingi huja akiwa na upungufu wa damu, na kujaza chuma kunachukua wiki kadhaa, wakati mwingine kwa mshipa. Ndiyo sababu mipango inaanza miezi mitatu kabla, mwezi mmoja hautoshi.

Njia zenyewe ni chache. Mkanda huondolewa, na kama umetoboa tumbo au umesogea na kuacha uvimbe, wapasuaji wengi husubiri karibu miezi mitatu tishu zitulie kabla ya kujenga baipasi. Ukiwa haujaharibu kitu, yote yanaweza kufanywa siku moja. Slivu hugeuzwa baipasi ya Y, ambamo kifuko cha mililita 30 hivi huunganishwa na utumbo mwembamba, na nyongo inaletwa chini zaidi, mbali na koo. Aliye na baipasi ya maungio moja na anatapika nyongo hugeuziwa hiyohiyo ya Y. Aliye na baipasi ya Y tayari ndiye mgumu kusaidiwa: wakati mwingine maungio yaliyolegea hupunguzwa kwa kamera kupitia mdomoni, wakati mwingine kuna njia iliyojitoboa kati ya kifuko na tumbo la zamani na lazima ifungwe. Na siku hizi kuna dawa za sindano kama semaglutidi, ambazo kwa kilo zilizorudi bila kasoro yoyote ya umbo zinastahili kujadiliwa kabla ya kisu. Anayezitumia amwambie daktari wa usingizi mapema, kwa kuwa huchelewesha chakula tumboni na mtu anaweza kuingia chumba cha upasuaji tumbo limejaa japo hajala. Wengi huagiza ile ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla.

Ugumu wa mara ya pili unatokana na makovu. Ini limeshikamana na tumbo, mishipa mingine ya damu ilikwisha kukatwa, pini za zamani zimo ndani, na pini mpya zikipita juu ya kovu nene hazishiki vizuri. Hapo ndipo maungio huvuja, na uwezekano huo ni mkubwa kuliko mara ya kwanza. Upasuaji huchukua saa nyingi zaidi, na ule wa matundu madogo na kamera unaweza kuishia kufungua tumbo. Kilo pia huwa hazipungui kama mara ya kwanza. Anayekuahidi vinginevyo kwa simu, huku akikutumia bei ya kifurushi na hoteli, bado hajauliza protokoli yako iko wapi.

Sigara inaachwa angalau wiki sita kabla, na ugoro umo, kwa sababu nikotini ndiyo inayobana mishipa midogo kwenye maungio. Baada ya baipasi haifai kurudiwa kabisa: kidonda cha maungio humpata mvutaji kwa urahisi, na kinaweza kutoboka. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza ini, kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo sana. Ini lililojaa mafuta hufunika tumbo na hupasuka likisukumwa. Kwa meza ya Lubumbashi maana yake bukari (ugali) inatoka kabisa, pamoja na mkate, wali, viazi, munkoyo na bia. Zinabaki samaki wa kuchemsha, mayai, kuku bila ngozi, lenga-lenga (mchicha) isiyozamishwa mafutani, maziwa yasiyo na mafuta. Sombe (majani ya muhogo) ya kijiko cha mawese haihesabiki kama mboga hapa. Mwenye kisukari asianze mlo huo kabla dozi zake hazijarekebishwa, maana sukari itashuka ghafla.

Safari. Ukienda India au Afrika Kusini kadi ya homa ya manjano itaulizwa, na chanjo mpya huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Tiketi ya kurudi isiwe kabla ya siku ya 14: uvujaji mwingi hujitokeza ndani ya muda huo, na damu kuganda miguuni kwenye kiti cha ndege kwa saa nyingi ni hatari ya kweli. Kama umepewa sindano za enoksaparini, za kuzuia damu kuganda, za kuendelea nazo nyumbani, gadimaladi wako, yaani anayekuuguza, ajifunze kuchoma pale pale wodini, mbele ya nesi. Na huyo gadimaladi achaguliwe kwa kichwa chake, asichaguliwe kwa ukoo tu. Anatakiwa ajue kuhesabu mapigo ya moyo na kusema hapana kwa wageni.

Kabla ya kuondoka hospitali dai ukurasa mmoja wa Kifaransa, uliotiwa saini, wa kumwonyesha daktari yeyote wa hapa usiku wowote. Uwe na mchoro wa utumbo ulivyounganishwa sasa na urefu wa kila mkono (kipande cha utumbo kilichounganishwa) kwa sentimita, tarehe, namba ya mpasuaji, halafu mambo manne kwa herufi kubwa: hakuna sonda (mrija) ya puani kuingizwa bila kamera, hakuna dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, tiamini (vitamini B1) kabla ya serumu (dripu) ya glukozi, na mapigo zaidi ya 120 ni uvujaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Upige picha kwenye simu yako na ya gadimaladi. Karatasi yenyewe ikae na pasipoti.

Hilo la mapigo na uvujaji ndilo linalonifanya niandike haya. Katika mji wetu mtu akipata homa, kila mtu nyumbani anajua jina lake: malaria. Kipimo cha haraka kinafanywa famasi ya kona, kinatoka chanya, dawa zinaanza, na siku mbili zinapotea. Lakini kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria iliyokwisha kutibiwa, na mtu mzima wa hapa anaweza kubeba vimelea bila kuugua. Chanya haifuti uvujaji. Mtu aliyepasuliwa ndani ya mwezi mmoja, ambaye amekaa kimya kitandani na mapigo yake yanazidi 120 kwa dakika, au ana joto zaidi ya 38, au maumivu yamepanda bega la kushoto, au anahema haraka, au anasema tu "kuna kitu kibaya ndani yangu" bila kuweza kukieleza, anapelekwa hospitali yenye skana na mpasuaji saa hiyohiyo. Malaria itatibiwa pia, sambamba. Mapigo ya moyo hutangulia homa mara nyingi, kwa hiyo gadimaladi ayahesabu asubuhi na jioni kwa dakika nzima na kuyaandika. Tumbo kutokuwa gumu si kinga: kwa mtu mnene ukuta wa tumbo unaficha mengi.

Kama ni malaria kweli, kuna kasoro nyingine ndogo. Vidonge vya artemeta-lumefantrini vinahitaji mafuta kidogo ili vifyonzwe, na mwenye kifuko kipya hali chochote chenye mafuta. Kikombe kidogo cha maziwa yenye mafuta pamoja na dozi kinatosha. Anayetapika atumie artesunate ya sindano, asilazimishe vidonge.

Serumu nayo. Mgonjwa dhaifu anayetapika akifika kituo cha afya, jambo la kwanza ni kumtundikia serumu ya glukozi. Aliyepunguza chakula kwa wiki kadhaa na kutapika siku kadhaa ameishiwa tiamini, na glukozi inamaliza ile kidogo iliyobaki. Matokeo ni macho kucheza, miguu kuyumba kama mlevi, akili kuchanganyikiwa, na uharibifu mwingine haurudi. Dawa ni rahisi na ya bei ndogo: tiamini ya sindano, miligramu 100 au zaidi, itangulie glukozi. Kama tiamini haipo karibu, anza na serumu ya chumvi huku mtu anatumwa kuitafuta. Sonda ya puani ikisukumwa kwa nguvu bila kuona inaweza kutoboa maungio mapya, ndiyo maana imo kwenye ukurasa ule. Kwa maumivu tumia parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Shangazi mwenye vidonge vya mgongo kwenye pochi ashukuriwe na arudishe pochi yake. Ndani mara nyingi ni diklofenaki.

Omeprazoli kwa kawaida huendelea miezi mitatu au zaidi ili maungio yapone. Kapsuli ikifunguliwa na chembe zake kumezwa na maji bila kutafunwa, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye kifuko kidogo. Aliyebaki na kibofu cha nyongo huweza kupewa asidi ya ursodeoksikoli kwa miezi sita, maana kilo zinazoshuka haraka huzaa mawe.

Kula ndiko kunakochosha. Siku mbili za kwanza ni maji na mchuzi mwepesi, kikombe kidogo cha mililita 30 kila dakika 15. Usigugumie, usitumie mrija. Kutoka hapo hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vyenye protini, wiki ya tatu na ya nne vilivyosagwa laini, ya tano na ya sita vilaini vya kupondwa kwa uma, na chakula cha kawaida polepole kuanzia wiki ya saba. Mpasuaji wako akisema tofauti, fuata yake: baada ya upasuaji wa pili wengine hukawiza kila hatua, hasa kama kifuko kilijengwa kwenye kovu.

Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku na lita 1.5 za maji. Poda za protini za dukani ni ghali, na hazina ulazima. Chukua mililita 200 za maziwa, koroga vijiko vitatu vya mezani vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, chuja mabonge: unapata gramu 15 hivi. Unga unakaa hata umeme ukikatika usiku mzima. Katika wiki ya nne siku inaweza kwenda hivi: yai moja laini asubuhi, gramu 6, maziwa yale saa nne, 15, mchana gramu 60 za samaki aliyesagwa na mchuzi wake, 13, yogati kikombe alasiri, 5, jioni gramu 100 za maharagwe yaliyopitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki, 8, kabla ya kulala maziwa tena, 15. Jumla 62. Maziwa yakileta gesi na kuhara, ambako hutokea baada ya baipasi hata kwa asiyekuwa na shida hapo zamani, nenda kwenye yogati na soya. Kapenta waliokaushwa wana protini nyingi kuliko nyama ya kawaida, ila wasage hadi unga, vichwa nje, uunyunyize kwenye mchuzi. Vinkubala (viwavi vilivyokaushwa) vivyo hivyo, lakini si kabla ya wiki ya nane: ganda lao linakwama.

Bukari ndiyo inayowarudisha watu hospitali wakitapika. Ni nzito, inanata, inashuka kama donge na kuziba maungio ambayo bado yamevimba. Iache miezi mitatu, na ikirudi iwe ukubwa wa punje ya karanga, itafunwe, baada ya samaki na mboga kuliwa. Kunywa maji nusu saa baada ya chakula, pasipo kuteremshia tonge. Ukila kitamu ukatoka jasho, moyo ukadunda na tumbo likaenda mbio ndani ya nusu saa, hiyo ni dampingi: lala kidogo, inapita, na dawa yake ni kuacha kile kitamu. Kutapika kila siku si sehemu ya kupona. Kama hata maji hayashuki, mara nyingi njia imesinyaa, na hupanuliwa kwa baluni kupitia fibroskopi, kazi ya dakika chache.

Hakuna kubeba zaidi ya kilo 5 kwa wiki sita. Bidoni ya maji ni kilo 20. Kusonga bukari ya watu kumi na kutwanga sombe ni kazi za misuli ya tumbo, hata kama hakuna aliyebeba kitu, na ngiri ya kovu huanzia hapo. Kutembea, ndiyo, tangu jioni ya siku ya upasuaji, mara nyingi na kwa umbali mfupi.

Vitamini ni za maisha yote, na hapa mpango wa pesa uwe wazi kabla ya kuondoka. Kalsiamu ya sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa isizidi 500 au 600 kwa mara moja. Vitamini D yuniti 3,000. Chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. B12 sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, ambayo ndiyo rahisi zaidi kusimamia. Multivitamini yenye tiamini na foleti. Chuma na kalsiamu zitenganishwe kwa saa mbili, na chai isinywewe na chuma. Nywele zitadondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena kama protini na chuma vipo. Damu ipimwe miezi 3, 6 na 12, halafu kila mwaka.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi kwa kuwa ufyonzaji umebadilika. Kijiti au kitanzi ni bora. Tena wanawake waliokuwa hawapati hedhi sawasawa kwa sababu ya uzito hushika mimba upesi kilo zikishuka, hivyo kijiti kiwekwe kabla ya upasuaji.

Jambo linaloweza kuja baada ya mwaka, hata baada ya mitano, ni ngiri ya ndani: utumbo unateleza kupitia tundu lililobaki pale mikono miwili ilipounganishwa. Maumivu ni ya kusokota, juu ya tumbo hadi mgongoni, huja baada ya kula na kupotea, na hapa huitwa gastriti na kutibiwa kwa omeprazoli mwezi baada ya mwezi. Mwenye baipasi anayeumwa hivyo mara kwa mara anahitaji skana wakati maumivu yapo, na skana ikiwa safi huku maumivu yanarudi, anahitaji mpasuaji wa kuingiza kamera na kufunga matundu hayo kabla utumbo haujajinyonga.